HOTUBA YA MWENYEKITI: PROGRAMU YA SIMU KWA KIKUNDI CHETU, INAWEZEKANA AU HAIWEZEKANI?

Iliyosomwa na Mwenyekiti wa Kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka 10, Mwananyamala, Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Viongozi wa dini mliopo hapa,
Wenzetu wa vikundi jirani mliotoka Tandale, Kijitonyama na Magomeni,
Wanachama wenzangu,
Mabibi na mabwana.



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wapo wenzetu wawili tulioanza nao ambao wametangulia mbele ya haki. Naomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa desturi hotuba ya Mwenyekiti siku kama ya leo huwa ni ya kusifia. Tumejenga, tumesomesha, tumezikana. Hayo yote Katibu ameyaandika vizuri kwenye kurasa za mbele za kijitabu hiki, kila mtu atajisomea. Mimi kamati imenipa kazi nyingine. Imenitaka nieleze habari ya ile programu ya simu, kwa sababu maneno yamekuwa mengi mtaani. Wengine wanasema tumeshaitengeneza tunaificha. Wengine wanasema tumetapeliwa. Wengine eti tumemfukuza mtoto wa watu. Leo nitasema lote, na ndani yake limo linalonihusu mimi mwenyewe, nalo sitalificha.

Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa ya kompyuta. Nitasema nilivyoelewa.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka 2015 tukiwa wanawake 14, tunakaa kwenye mkeka chini ya mwarobaini. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000. Leo tuko 30, hisa moja ni shilingi 5,000, na mwanachama ananunua kuanzia hisa moja hadi tano kila Jumamosi. Wapo mama ntilie, wapo wauza samaki kama mimi, wapo wa mitumba, wa genge, wa saluni, na mmoja mwalimu mstaafu ambaye ndiye Katibu wetu.

Mtindo huu wa hisa na sanduku la kufuli tatu hatukuuvumbua sisi. Shirika la CARE liliuanza na wanawake wa Niger mwaka 1991, na huku kwetu ukaingia Zanzibar, pande za Jozani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukasambaa bara. Wale wanawake wa Niger wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Hesabu walizishika kichwani. Kabla ya kufunga kikao inatangazwa iliyobaki sandukuni ni kiasi gani, kila mtu anaishika, na kikao kijacho wanaanza kwa kukumbushana. Naomba mliweke hilo akilini, nitalirudia baadaye.

Sisi tulikuwa na daftari. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini akina mama, daftari nalo lina mambo yake. Linalowa mvua. Linaachwa nyumbani kwa Mwekahazina aliyesafiri. Mtu ananunua hisa nne, anaandikiwa moja. Ikifika Desemba, siku ya kugawana, tunakaa tangu asubuhi mpaka saa mbili usiku tunabishana, watoto nyumbani hawajala.

WAZO LILIVYOKUJA

Mwaka jana kijana mmoja, mtoto wa mwenzetu, aliyemaliza chuo masomo ya kompyuta, alikuja kikaoni na karatasi kumi na moja zilizopigwa chapa. Alisema, "Mama zangu, nataka niwatengenezee programu ya simu. Kila mwanachama ataona hisa zake, mkopo wake na faini zake kwenye simu yake. Daftari mtalitupa."

Jamani, watu walipiga vigelegele! Nami nilikuwa wa kwanza. Nikaona sherehe ya miaka kumi hiyooo, kikundi chetu kina programu yake, tutatajwa Kinondoni nzima. Bei aliyoandika ilikuwa shilingi 6,500,000. Tulitaka tupige kura siku ileile.

Aliyetuzuia ni bibi yetu, mkubwa kuliko wote kikundini. Alinyoosha mkono akasema, "Wanangu, kuzaa si kazi, kazi kulea. Mmeuliza bei ya kuzaa. Bei ya kulea mmeuliza?" Kimya kikapita. Tukaunda kamati ya watu watano, mimi nikiwa mmoja wao, tukapewa miezi mitatu tuchunguze kama jambo lile linawezekana kwetu.

TULIYOYAULIZA

La kwanza tuliuliza, simu zetu ni za namna gani? Tulipita mmoja mmoja, tukasema onyesha simu yako. Katika wanachama 30, wenye simu za tachi ni 17, na kati yao wanne simu ni ya kushirikiana na mtoto au mume. Wenye vitochi ni 11. Wasio na simu kabisa ni wawili. Maana yake ile programu ingewafaa vizuri watu 13, yaani chini ya nusu. Tukamuuliza kijana, wa kitochi afanyeje? Akajibu ukweli, na hapa nampongeza, kwamba kwa kitochi inatakiwa huduma ya kubonyeza nyota na reli. Namba za huduma hiyo zinatolewa kwa utaratibu wa TCRA, kisha uelewane na makampuni ya simu. Hiyo ni kazi nyingine na fedha nyingine, haikuwemo kwenye zile milioni sita na nusu.

Halafu likazuka ambalo hatukulitarajia. Tuligundua wanachama sita laini zao zimesajiliwa kwa majina ya watu wengine. Mnakumbuka Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa. Wengi hatukuwa na namba ya NIDA, tukasajiliwa na watoto na mashemeji. Sasa mtu akigombana na shemeji, kumbukumbu ya hisa zake iko kwenye laini ya nani?

La pili, gharama ya kulea. Tulimkalisha kijana na Katibu, wakaandika kila kitu. Mahali pa kuhifadhi kumbukumbu huko kwenye mtandao panakodishwa, shilingi 600,000 kwa mwaka. Matengenezo, maana simu zinabadilika na programu lazima ifuate, shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Ujumbe mfupi kwa kila mwanachama kila Jumamosi, ujumbe 1,560 kwa mwaka, shilingi 39,000. Jumla kwa mwaka ni shilingi 1,839,000. Kwa miaka mitatu, ukiongeza ya kuitengeneza, inafika shilingi 12,017,000. Gawanya kwa watu 30, kila mmoja wetu ni kama laki nne. Laki nne ni hisa 80!

Sasa linganisheni. Mzunguko uliopita faida yetu yote, ongezeko la mikopo pamoja na faini, ilikuwa shilingi 7,800,000. Kwa hiyo programu ingekula faida ya mwaka mmoja na nusu. Na hiyo ni kama bei hazipandi. Sisi tunajua bei za mambo ya simu zinavyoweza kubadilika wewe umelala. Julai 2021 ilikuja tozo ya miamala, ikabidi ipunguzwe Septemba mwaka huohuo kwa jinsi watu walivyolia.

La tatu, sheria. Hapa tulikwenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, tukauliza. Vikundi kama chetu viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, daraja la nne, na tumesajiliwa. Lakini tulielezwa kwamba kuna tofauti kubwa kati ya programu inayoandika tu hesabu na programu inayoshika fedha. Ukitaka fedha za watu zipite humo, zikae humo, hapo unaingia kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na leseni inatoka Benki Kuu. Hilo si la kikundi cha watu 30. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ukikusanya majina ya watu, namba zao na madeni yao ukayaweka kwenye kompyuta, una wajibu wa kuyalinda, na kuna Tume ya kukuuliza.

Hilo la siri msilichukulie mzaha. Wangapi hapa mtaani wameumizwa na mikopo ya kwenye simu? Unakopa elfu hamsini, unachelewa siku mbili, wanamtumia ujumbe baba mkwe, shemeji, mpaka jirani, kwamba wewe mdaiwa sugu. Wamezipata wapi namba hizo? Umewapa mwenyewe ulipobonyeza "kubali". Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Kijana wetu si mtu wa namna hiyo. Lakini tulijiuliza, simu ya mwanachama ikiibiwa kwenye daladala, mwizi ataona nini?

La nne, nani ataitunza? Kijana ni mtoto wetu, lakini ana maisha yake. Akipata kazi, akioa, akihamia mkoani, nani ataifungua? Tukasema, hili tusilijibu kwa mdomo. Tujaribu.

JARIBIO LA JUMAMOSI NANE

Tulikubaliana kijana alete ya mfano kwenye kompyuta yake ndogo, tuitumie Jumamosi nane sambamba na daftari. Tukampa shilingi 10,000 kila wiki ya nauli na bando.

Wazo la kujaribu kwanza hatukulizua. Kijana mwenyewe ndiye alitusimulia habari ya M-Pesa. Wengi tunadhani ilianza tu ikawa. Kumbe jirani zetu Kenya waliifanyia majaribio kuanzia Oktoba 2005, na nia ya mwanzo ilikuwa watu wa vikundi vya mikopo vya Faulu warejeshe mikopo yao kwa simu. Vikundi kama hivi vyetu! Walipojaribu wakaona vitabu vya Faulu na hesabu za kwenye simu kuviwianisha ni kazi kubwa, lakini wakaona pia kwamba watu wanatumiana fedha wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa ndilo lengo. Basi Machi 2007 Safaricom walipoifungua rasmi waliacha habari ya mikopo, wakasema tuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 Vodacom wakaileta kwetu Tanzania. Kama wangejenga yote kabla ya kujaribu, labda wangejenga kitu ambacho watu hawakihitaji.

Sasa sikilizeni yetu. Jumamosi ya kwanza umeme ulikatika, kompyuta ikazima katikati ya marejesho. Jumamosi ya tatu daftari na kompyuta zikatofautiana shilingi 15,000. Tukahesabu sanduku mara mbili. Kompyuta ndiyo ilikuwa sahihi, daftari lilikosea, mwenzetu kanunua hisa nne kaandikiwa moja. Lazima niseme haki. Na hesabu ya mikopo iliyobaki, ambayo Mwekahazina huifanya kwa dakika arobaini akiwa na kalamu sikioni, kompyuta ilitoa kabla hajavaa miwani. (Vicheko)

Jumamosi ya tano kijana hakuja. Alikuwa amepata kibarua cha wiki mbili Dodoma. Kompyuta alituachia, neno la siri akatutumia kwa simu, tukabonyeza, tukabonyeza, wapi! Tulikuwa kama watu wenye sanduku ambalo mshika ufunguo amesafiri. Bibi hakusema neno. Alitutazama tu.

JAMBO LANGU

Ndugu Mgeni Rasmi, hapa ndipo penye jambo langu.

Jumamosi ya sita kijana aliporudi alisema ili ya mfano ikamilike tuingize na kumbukumbu za nyuma, zikiwemo zenye ugomvi. Na ugomvi mkubwa kuliko wote katika miaka hii kumi ulikuwa wa mwaka 2023. Mwenzetu mmoja, shoga yangu tangu tunauza samaki pamoja tukiwa wasichana, alikwenda msibani Tanga. Aliporudi akasema rejesho lake la shilingi 60,000 alilituma kwa simu, kwenye laini yangu mimi Mwenyekiti, kama tulivyozoea. Nikamwambia sikupata kitu. Ujumbe hana, kwa sababu alitumia simu ya mtoto wa ndugu yake hukohuko Tanga. Mimi nayo simu yangu ilikuwa imeibiwa nikanunua nyingine, ujumbe wa nyuma haupo. Akaniomba, "Dada, kaulizie basi kwenye kampuni." Mimi nikamjibu mbele ya watu, "Kwa hiyo mimi mwizi?" Kikao kikamwandika mdaiwa. Akapigwa faini ya shilingi 6,000. Akalipa mara ya pili, akachukua vitu vyake akaondoka. Miaka miwili tunapishana njiani hatusalimiani.

Kijana aliposikia akasema kitu chepesi tu. "Mama, muamala haupotei kwa sababu umebadilisha simu. Nenda kaombe taarifa ya laini yako." Nikaenda. Nikapewa karatasi. Nikakaa kwenye benchi nje, nikavaa miwani, nikafuata mstari kwa mstari na kidole. Ikawepo. Shilingi 60,000, siku aliyoisema, kutoka kwa jina la mtu nisiyemjua. Ni yule mtoto wa ndugu yake. Na usiku wa siku hiyohiyo nimetoa shilingi 100,000 kwa wakala. Nikakumbuka. Usiku ule mjukuu wangu alizidiwa na homa, nikakimbia naye hospitali. Wateja wangu wa samaki hunilipa kwenye laini hiyohiyo, nikajua zote ni zangu.

Akina mama, sikulala siku ile. Kilichoniuma si zile sitini elfu. Ni lile neno, "Kwa hiyo mimi mwizi?" Mtu aliniomba nikaangalie, nami cheo changu kikanizuia kuangalia.

Jumamosi iliyofuata nilisimama nikawaambia wote, nikaweka karatasi ile mezani. Nikasema nipo tayari kuachia uenyekiti. Kikao kiliniagiza nirudishe 60,000, kikundi nacho kirudishe ile faini ya 6,000, na twende nyumbani kwake mimi na Katibu. Tulikwenda. Alitukaribisha, akachukua fedha akazihesabu, akatupa chai. Mengi yaliyosemwa pale ni yetu sisi. Mwezi Machi mwaka huu alirudi kikundini, na leo yumo humu ndani. Jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe kaniomba hivyo. (Makofi)

KAMATI ILIVYOAMUA

Sasa basi, kamati ilikaa ikajiuliza. Kama tungekuwa na ile programu mwaka 2023, ingezuia jambo lile? Tulimuuliza kijana mwenyewe. Alifikiri, akasema, "Hapana. Programu inajua kile tu mtu alichoingiza. Ile fedha isingeingizwa." Kidonda chetu kilikuwa fedha ya kikundi kupita kwenye laini ya kiongozi, na mtu kuogopa kumwambia kiongozi, hebu angalia tena. Daftari halikuwa na kosa hapo.

Kwa hiyo jibu letu likawa hivi. Kutengeneza kunawezekana, kijana anaweza, tumeona kwa macho. Lakini kwa kikundi cha watu 30, kwa simu tulizo nazo na faida tunayopata, kuitunza hakuwezekani kwa sasa. Tumeamua tusitengeneze. Na badala yake tumefanya haya.

Kwanza, ni marufuku fedha ya kikundi kupita kwenye laini ya kiongozi yeyote, hata kama ni msiba, hata kama ni mvua. Tumefungua akaunti ya kikundi ya kwenye simu, ambayo fedha haitoki kwa mkono wa mtu mmoja. Huduma za namna hii zipo tayari, hatuna haja ya kuzijenga. M-Koba kwa mfano ilianzishwa mwaka 2019 na Vodacom pamoja na benki ya TPB, ambayo tangu 2021 inaitwa TCB, na mtu wa kitochi anaifikia kwa kubonyeza nyota na reli. Ziko na za benki nyingine. Kila kikundi kiulize makato na masharti kabla ya kuchagua.

Pili, kila mwanachama ana kitabu chake kidogo, na hisa hazisomwi kwa maandishi bali zinagongwa muhuri. Mihuri minne, hisa nne. Hata asiyejua kusoma anahesabu kwa kidole.

Tatu, kabla sanduku halijafungwa Katibu anasoma kwa sauti kila kilichoandikwa, jina kwa jina, na mwisho tunatamka wote pamoja kiasi kilichobaki. Niliwaambia mshike habari ya wanawake wa Niger. Ndiyo hiyo. Inatuchukua dakika kumi na tano. Tangu tuanze, hatujawa na ugomvi wa hesabu hata mmoja.

Nne, hesabu ya mikopo tunaifanya kwenye jedwali la bure kwenye simu ya kikundi. Kijana amewafundisha wanachama wawili, siyo mmoja, wawili, na daftari lipo palepale. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tano, tumempa kijana shilingi 300,000 za shukrani, mbali na zile za nauli. Anayesema tumemfukuza amuulize mwenyewe, yuko pale nyuma anasaidia kugawa soda. Alitwambia ukweli kila tulipomuuliza, hata ulipomkosesha kazi. Vijana kama huyu tuwashike.

KWA VIKUNDI VYA JIRANI

Namalizia na ninyi wenzetu mliotoka vikundi vingine, kwa sababu najua nanyi mmeletewa karatasi kama zile, na wengine wanaowaletea si watoto wenu.

Msikatae kwa sababu ni kompyuta, wala msikubali kwa sababu ni kompyuta. Ulizeni kwanza, shida yetu hasa ni ipi? Simu zetu zikoje, zimesajiliwa kwa jina la nani? Ya kutengeneza ni kiasi gani, na ya kutunza miaka mitatu ni kiasi gani? Fedha itapita humo au ni hesabu tu? Siri zetu atazishika nani? Akiondoka aliyetengeneza, nani atafungua? Halafu jaribuni kwa wiki kadhaa huku daftari likiwa wazi pembeni. Anayekataa msijaribu, mwambieni kwaheri.

Na sisi hatujafunga mlango. Katibu alipiga hesabu nyingine. Vikundi 20 vyenye watu 30 vikiungana kutengeneza programu moja, kila kikundi kingebeba kama shilingi 712,000 kwa miaka mitatu. Hiyo ni kama elfu ishirini na nne kwa mwanachama, badala ya laki nne. Hapo mambo yanabadilika. Kwa hiyo tumeazimia swali hili lirudi mezani mwakani, tuhesabu tena simu, laini na uwezo wetu. Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni hilo, utusaidie kuvikutanisha vikundi vya kata hii tulizungumze kwa pamoja, na utuletee mtaalamu wa kutueleza hiyo sheria ya taarifa binafsi kwa Kiswahili cha kueleweka. Na wale sita wa laini za mashemeji, utusaidie wapate namba zao za NIDA.

Wanachama wenzangu, mwaka jana nilitaka programu ili tutajwe Kinondoni nzima. Leo mkituuliza miaka kumi tumepata nini, mimi nitasema tumepata kikao ambacho mtu yeyote anaweza kumwambia Mwenyekiti, "Dada, kaangalie tena," na Mwenyekiti akaenda kuangalia.

Haba na haba hujaza kibaba. Mungu akibariki kikundi chetu, aibariki Kinondoni, aibariki Tanzania.

Chakula kipo tayari.